Vibao vya Philadelphia vimetuchanganya, historia ya Marekani inatunzwa kwenye miji midogo

Tarehe 22 Januari 2026 wafanyakazi wa hifadhi za taifa za Marekani walifika kwenye kona ya mtaa wa Sita na Market pale Philadelphia wakang'oa paneli zilizokuwa zinaeleza habari za watumwa 9 wa George Washington. Picha zikasambaa ndani ya saa chache, mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ndugu zetu walioko huko, na kila mtu akawa na la kusema. Wengine wakalia kwamba historia ya mtu mweusi Marekani ndo imefutwa, basi tena. Wengine wakasema afadhali, makumbusho yale yamekuwa mahali pa kuwaaibisha watu wanaokwenda kutembea na watoto wao. Mimi naona pande zote mbili zimekosea kitu kilekile, zote zinaamini kwamba historia ya nchi ile iko mikononi mwa serikali kuu iliyoko mji wa Washington, akiishika huyu inakuwa hivi, akiishika yule inakuwa vile. Haiko hivyo. Sehemu kubwa ya historia ya Marekani inatunzwa na majumba madogo ya makumbusho ya kaunti na miji, mengine yana chumba kimoja na mlinzi wake ni bibi mstaafu anayejitolea Jumamosi mchana, na hatari kubwa inayoyakabili majumba hayo ni hela kukauka na watu kutoingia. Kelele zote tukizimalizia Philadelphia, huko kwingine kutafungwa kimyakimya na hakuna atakayepiga picha.

Tuanze na nyumba yenyewe maana wengi waliobishana hawajui paneli zile zilifikaje pale. Washington alipokuwa rais makao makuu yalikuwa Philadelphia, na kuanzia 1790 hadi 1797 alikaa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Market pamoja na watumwa aliowatoa shambani kwake Mount Vernon, Virginia. Jimbo la Pennsylvania lilikuwa limeshapitisha sheria mwaka 1780 ya kuondoa utumwa taratibu, na kwa sheria ile mtumwa wa mtu asiye mkaazi akikaa jimboni miezi 6 mfululizo anaweza kudai uhuru wake. Basi rais wa kwanza wa nchi akawa anawazungusha, miezi 6 ikikaribia anawatoa nje ya jimbo, halafu wanarudi na hesabu inaanza upya. Majina yao ni Austin, Paris, Hercules, Christopher Sheels, Richmond, Giles, Ona Judge, Moll na Joe. Ona alitoroka tarehe 21 Mei 1796 familia ya rais ikiwa mezani inakula, akapanda merikebu mpaka Portsmouth, New Hampshire, maana alishasikia kwamba atatolewa zawadi kwa mjukuu wa mke wa rais aliyekuwa ameolewa karibuni. Washington akamfuatilia kwa barua na kwa watu, Ona akakataa kurudi. Akaishi huko mpaka alipofariki 1848, na kisheria siku anafariki alikuwa bado mali ya watu.

Nyumba ile ilibomolewa 1832, na kwa karibu miaka 50 ya karne iliyopita palikuwa na choo cha umma juu ya kiwanja chake. Mwaka 2002 mtafiti wa kujitegemea aitwaye Edward Lawler akachapisha utafiti ulioonyesha nyumba ilikaaje na watumwa walilala wapi, na ikaonekana kwamba jengo jipya la Kengele ya Uhuru, ile kengele ya kale ambayo ni alama ya uhuru wa Marekani, lililokuwa linajengwa wakati huo lingewapitisha wageni jirani kabisa na malazi ya watumwa bila wao kuambiwa lolote. Idara ya hifadhi mwanzoni haikutaka kuweka habari hiyo. Ndipo wakaazi wa Philadelphia, wakiongozwa na wakili Michael Coard, wakaandamana, wakaandika barua, wakalisukuma jiji, jiji likaingia makubaliano na serikali kuu mwaka 2006, uchimbaji ukafanyika 2007 watu wakimiminika kuangalia misingi ya nyumba ikifukuliwa, na mwisho wa 2010 mahali pakafunguliwa. Miaka 8 hiyo. Sasa ukiijua hadithi hii unaelewa kwamba serikali kuu haikuwahi kuwa mama wa paneli zile, ilibanwa na watu wa mji ikazikubali. Na ziliponyofolewa mwaka huu ni jiji hilohilo lililokimbilia mahakamani siku ileile likiwa na makubaliano ya 2006 mkononi, na mwezi Februari jaji wa mahakama ya shirikisho akaamuru zirudishwe, serikali ikakata rufaa. Ukiangalia vizuri, mwanzo wake ni wenyeji na mtetezi wake ni wenyeji.

Amri iliyoanzisha haya yote rais Donald Trump aliitoa tarehe 27 Machi 2025, ikitaka maeneo ya serikali kuu yasionyeshe mambo yanayowashusha Wamarekani wa zamani au wa sasa. Ikailenga kwa jina taasisi ya Smithsonian, ile inayoendesha makumbusho ya taifa, na baadaye mwaka huo vikabandikwa vibao kwenye hifadhi vyenye alama ya kuskani kwa simu, mgeni aripoti kama ameona maandishi yanayoisema vibaya nchi. Kwa mujibu wa ripoti za magazeti, maoni mengi yaliyopitia njia hiyo yalikuwa ya kuwasifu wahudumu wa hifadhi na kuomba maelezo yaachwe yalivyo. Lakini fikiria ukubwa wa eneo ambalo amri ile inaligusa. Smithsonian ina makumbusho 21 na bustani ya wanyama. Idara ya hifadhi ina maeneo kama 430, na mengine ni milima na misitu. Upande wa pili, shirika la serikali linaloshughulika na makumbusho, IMLS, lilihesabu mwaka 2014 likakuta nchi ina makumbusho zaidi ya 35,000, na zaidi ya nusu ni vyama vya historia, nyumba za kale na makumbusho ya historia. Chama cha taifa cha historia za majimbo na miji nacho kilifanya sensa yake, matokeo yakatoka 2022, taasisi za historia 21,588. Hayo maelfu hayapokei amri ya rais juu ya nini kiandikwe ukutani, mengi ni vyama vya hiari vyenye bodi ya majirani.

Ila yanapokea hela, na hapo ndo pana kidonda. Amri ya tarehe 14 Machi 2025, wiki 2 kabla ya ile ya vibao, iliagiza hiyo IMLS ipunguzwe mpaka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria, mwisho wa mwezi karibu wafanyakazi wote wakapewa likizo ya lazima, ruzuku zikaanza kufutwa. Mwanzoni mwa Aprili NEH, ule mfuko wa serikali kuu unaogharimia kazi za historia, fasihi na falsafa, ukafuta ruzuku zaidi ya 1,000 pamoja na fedha za mabaraza ya majimbo ambayo ndo yanagawa vihela vidogovidogo mpaka vijijini. Wakfu wa Mellon ukatoa dola milioni 15 za dharura kuyashikilia mabaraza yasife. Majimbo yakashtaki kuhusu IMLS, mahakama ikayapa haki kabla mwaka haujaisha na ruzuku zikarejeshwa. Lakini jumba dogo la makumbusho halina wakili wala akiba ya miezi 9. Kwao ruzuku ya dola elfu chache ni paa lisilovuja juu ya masanduku ya barua za 1850, au ni ujira wa kijana mmoja wa kuskani picha kabla hazijaliwa na ukungu. Ikikatika katikati, yule kijana anatafuta kazi nyingine na masanduku yanabaki pale yalipo. Habari hiyo haikupata hata robo ya kelele za Philadelphia na mimi inaniuma, maana paneli jaji anaweza kuamuru zirudi ukutani lakini barua iliyooza hairudishwi na mahakama yoyote.

Tuwasikilize sasa wanaounga mkono amri, kwa haki kabisa, maana si wote ni watu wabaya. Wanasema mtu anapomleta mwanawe kuona mahali taifa lilipozaliwa anataka amwonyeshe kitu cha kujivunia, na kwamba baadhi ya makumbusho siku hizi yanahubiri kuliko kueleza, unaingia unakuta hukumu imeshaandikwa kabla hujaona ushahidi. Hilo la kuhubiri lina ukweli ndani yake, nimewahi kusoma vibao vilivyoandikwa kwa lugha ya semina mpaka mtu mwenyewe anayezungumziwa hajulikani alikuwa nani. Lakini dawa ya kuhubiri ni kueleza kwa undani zaidi, na paneli za Philadelphia zilikuwa zinafanya hivyohivyo, zilitaja watu kwa majina na tarehe na sheria. Sikusikia mtu akisema Ona Judge hakuwepo, au kwamba ile hesabu ya miezi 6 haikuchezewa. Kama jambo ni kweli na limetokea hapo uliposimama, kulisema si kumtukana mtu. Tena Mount Vernon yenyewe, ambayo iko chini ya chama cha wanawake kilichoinunua 1858 na haiendeshwi kwa kodi ya serikali, inaeleza habari za watumwa wa Washington, na wageni hawajaacha kwenda. Monticello kwa Thomas Jefferson ni hivyohivyo, tangu 2018 wana chumba cha Sally Hemings, mtumwa aliyezaa watoto na Jefferson. Wanaoamini kwamba ukweli unafukuza wageni waanze kwanza na hayo maeneo mawili.

Hoja nzito zaidi ya upande ule ni ya kisheria na watu wetu wengi hawakuitilia maanani. Serikali ilisema mahakamani kwamba maandishi kwenye jengo la serikali ni kauli ya serikali, na serikali ina haki ya kuchagua iseme nini. Philadelphia walikuwa na makubaliano ya kuwakinga, lakini kwingine hawana, na kwa kweli mtu akikaa akalifikiria ataona si hoja ya kupuuza, kila utawala unaoingia huandika kwenye kuta zake. Ndo maana nasema huu ugomvi umeeleweka vibaya. Wanaharakati wanajibu kwa kudai serikali kuu iseme ukweli, ni dai zuri, niko nao. Ila kama ukuta ni wa serikali basi kila miaka 4 tutakuwa tunasubiri kuona nani kaingia na spana. Ukuta ambao rais hawezi kuugusa ni ule wa chama cha historia cha kaunti, wa kanisa la zamani, wa wakfu binafsi, wa halmashauri ya mji. Hoja ya serikali yenyewe ndo sababu kubwa kuliko zote ya kuyapenda makumbusho madogo.

Halafu kuna ile hoja ya wavivu, samahani lakini sina jina lingine, kwamba vibao vyote ving'olewe tu maana kila kitu kipo mtandaoni. Nimeisikia sana kwa vijana. Kilichopo mtandaoni kilitoka wapi? Kilitoka kwenye daftari la karani wa kaunti, kwenye kitabu cha ubatizo, kwenye tangazo la gazeti la kumtafuta mtumwa aliyetoroka, na vitu hivyo viliwekwa na mtu mahali fulani kwenye sanduku kavu. Kwenye taasisi ndogo sehemu kubwa ya vilivyomo haijawahi kuskaniwa. Tena kuna kitu mahali panakupa ambacho simu haiwezi, unasimama unaona kutoka chumba cha rais mpaka alipolala mtumwa ni hatua chache tu, na zile hatua unazitembea mwenyewe.

Najua kuna atakayeniambia makumbusho ya mji mdogo yenyewe yanadanganya kuliko hata ya serikali. Hapo nakubali kwa sehemu kubwa. Mengi yalianzishwa na familia tajiri za mji kwa ajili ya kuonyesha vikombe vya bibi yao, na kwenye nyumba nyingi za Kusini kwa miaka mingi watumwa waliitwa watumishi, kama vile walikuwa wanalipwa mwisho wa mwezi. Tulsa, Oklahoma, iliteketeza mtaa wa watu weusi wa Greenwood tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, na mji ukakaa kimya miongo kadhaa, watoto wakakua bila kufundishwa. Wilmington, North Carolina, kundi la wazungu wenye silaha lilipindua serikali halali ya mji Novemba 1898 na kuua watu weusi, na kwa muda mrefu sana tukio hilo likaitwa ghasia za rangi. Wenyeji wanajua kuficha, hilo halina ubishi. Lakini angalia nani aliyefichua, ni wenyeji pia. Tulsa ina kituo chake cha historia cha Greenwood tangu 2021 kwa sababu ya watu wa Tulsa waliokataa kunyamaza. Montgomery, Alabama, shirika la wakili Bryan Stevenson lilifungua mwaka 2018 ukumbusho wa watu waliouawa na makundi kwa kunyongwa, nguzo za chuma zaidi ya 800, kila kaunti na ya kwake, na nakala za nguzo zimelazwa nje zikisubiri kila kaunti ije ichukue ya kwao ikaisimike nyumbani. Wazo ni kwamba ukumbusho wa taifa peke yake hautoshi mpaka mji wenyewe ukubali.

Louisiana nako kuna shamba la zamani la miwa liitwalo Whitney, lilifunguliwa Desemba 2014 na wakili John Cummings kwa hela zake, na tofauti na mashamba mengine ya kando ya mto Mississippi ambako watu wanakwenda kufungia harusi, Whitney linaeleza maisha ya watumwa tu. Aliyeongoza utafiti wake ni mwanahistoria Msenegali, Ibrahima Seck. Aprili 2025 Whitney nao walifutiwa ruzuku ya IMLS, baada ya wiki chache ikarejeshwa, na wameendelea kufungua milango.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kulekule alikokimbilia Ona Judge. Portsmouth ni mji mdogo wa bandari, na Oktoba 2003 mafundi wa mabomba ya maji machafu walikuwa wanachimba mtaa wa Chestnut wakakutana na majeneza. Ramani ya 1705 ilikuwa inaonyesha kabisa kwamba pale ni makaburi ya watu weusi, mji ukajenga nyumba na barabara juu yake ukasahau. Walikuta majeneza 13, na inakadiriwa waliozikwa wanaweza kufika 200. Halmashauri ingeweza kufukia na kuendelea na mabomba, mtaa ni wa kwao na watu walishazoea kupita. Badala yake walikaa miaka 12 wakichangishana, wakibishana, wakiwasikiliza watu kama mtafiti Valerie Cunningham ambaye alikuwa ameshaanza zamani kukusanya majina ya weusi wa mji ule, na 2015 wakaufunga mtaa kwa magari ukawa bustani ya ukumbusho. Kuna maneno yaliyochongwa pale kutoka kwenye ombi la uhuru walilolipeleka watumwa 20 kwa bunge la New Hampshire mwaka 1779. Bunge lile liliahirisha. Mwaka 2013 jimbo likawapa uhuru rasmi 14 kati yao waliofariki wakiwa bado watumwa. Mtu anaweza kusema uhuru wa marehemu una faida gani, mimi nasema nenda ukasimame pale.

Na Portsmouth ni kwetu pia, hata kama wengi hatujui. Edmund Roberts, mfanyabiashara aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1820 na aliyesaini mkataba wa Marekani na Seyyid Said kule Muscat Septemba 1833, alizaliwa mji huohuo, na Ona Judge bado alikuwa hai maeneo yale wakati Roberts anasafiri. Ukishuka kusini kidogo unafika Salem, Massachusetts. Watalii wanajazana huko kwa habari za wachawi wa 1692 na ni wachache wanaopita kwenye jengo la forodha la 1819 na gati za zamani kujua kwamba mabaharia wa mji ule ndo walioitawala biashara ya Wamarekani na Unguja. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi 1837, ni mtu wa Salem. Walibeba sandarusi iliyochimbwa Mrima kwenda kutengenezea vanishi, wakabeba ngozi, karafuu na pembe, na wao wakaleta kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikiita merikani, jina likaingia kwenye lugha likabaki. Ukiingia kwenye makumbusho ya viwanda vya nguo pale Lowell, mashine za kufumia bado zinawashwa na zinapiga kelele mpaka wageni wanapewa vya kuziba masikio, unaelewa merikani ilitoka kwenye viwanda vya namna gani, mabinti wa mashambani wakifanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku, pamba yenyewe imelimwa na watumwa wa Kusini. Kwa hiyo nguo aliyovaa mtu huru wa Bagamoyo ilikuwa na jasho la mtumwa wa Mississippi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 pamba ikakatika, merikani ikaadimika pwani yetu, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Kisha kuna Connecticut, kando ya mto, miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, huu wa pili jina lake lenyewe limetoka kwenye pembe za ndovu. Hapo ndo ilipokatwa sehemu kubwa ya pembe zilizoingia Marekani katika karne ya 19, nyingi zimepitia Unguja, zikafanywa vitufe vya piano, zikaanikwa juani kwenye vibanda vya vioo mpaka ziwe nyeupe. Piano ikawa fahari ya kila sebule ya Marekani. Pembe hizo zilitoka Tabora, Ujiji na Manyema mpaka pwani mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa Kinyamwezi wa kulipwa, wengine watumwa. Sasa Deep River kulikuwa na shemasi George Read, mwenye kampuni ya pembe, na mtu huyuhuyu alikuwa mpinga utumwa wa kweli, aliwaficha watumwa waliotoroka kutoka Kusini, mmoja wao akaishi mjini kwake miaka mingi kwa jina jipya la William Winters. Mtu mmoja huyo, mkono mmoja unamwokoa mtumwa na mkono mwingine unapokea pembe iliyobebwa na mtumwa. Makumbusho ya taifa hayana nafasi ya mtu kama Read, yanataka shujaa au mwovu maana mgeni ana dakika 40. Chama cha historia cha mji kina nafasi, maana kinamjua mpaka nyumba yake, kanisa lake na kaburi lake, na kwa kukaa naye karibu hivyo huwezi kumgawa mtu vipande viwili ukatupa kimoja.

Kwa ndugu zetu walioko kule mambo haya yana maana ya moja kwa moja. Watoto wanasoma kwenye shule za majimbo ambako kitabu cha historia kinagombaniwa, na mzazi anaona hana la kufanya. Analo. Maktaba nyingi za umma zinaazimisha pasi za makumbusho bure kwa kadi ya kawaida ya maktaba, na familia yenye kadi ya msaada wa chakula ikiionyesha inaingia bure au kwa dola zisizozidi 3 kwenye makumbusho zaidi ya 1,000 yaliyoko kwenye mpango ulioanza 2014. Vyama vya historia vya miji mara nyingi vina kisanduku cha sadaka tu mlangoni. Piga simu kabla ya kwenda, maana saa zao ni chache na majira ya baridi wengi wanafunga. Mwaka huu wa miaka 250 ya taifa vyama hivyo vimeandaa maonyesho mpaka kwenye kaunti ambazo kwa kawaida hazifungui kabisa, na kila atakayeingia atahesabiwa kwenye daftari, na daftari hilo ndo wanalolipeleka kwa halmashauri wakiomba bajeti ya mwaka unaofuata. Kuingia tu tayari umeshawasaidia.

Jambo lingine naliona muhimu zaidi. Wakongo wanaozungumza Kiswahili wamehamia Marekani kwa makumi ya maelfu kutoka kambi kama Nyarugusu, wako Kentucky, Texas, Ohio, Iowa, Idaho, wanafanya kazi viwanda vya nyama na maghala na hospitali. Kwenye makumbusho ya kaunti zao hawamo bado. Wataliani na Wayahudi wa New York nao hawakuwemo, mpaka 1988 watu wachache walipolichukua jengo la vyumba vya kupanga la mtaa wa Orchard namba 97, ambako inakadiriwa walipita watu 7,000 kati ya 1863 na 1935, wakavirudisha vyumba kama vilivyokuwa familia moja moja, na leo ni moja ya makumbusho yanayopendwa zaidi mjini. Kitambulisho cha kambi, kitenge kilichotoka Uvira, picha ya kwaya ya kwanza kanisani, barua ya kwanza ya ajira, vitu hivyo leo viko kwenye mabegi chini ya vitanda, na kaunti ina watu wanaopokea vitu kama hivyo kwa mikono miwili, ukiwapelekea.

Niliwahi kuingia kwenye jumba la makumbusho la mji mmoja mdogo huko New England, tulikuwa wageni wawili tu siku nzima. Ukutani palikuwa na picha ya zamani, pembe zimesimamishwa ndefu kuliko watu, pembeni wanaume wawili waliovaa kanzu na kofia. Maelezo yalimtaja mnunuzi Mmarekani na kampuni yake, wale wawili waliandikwa tu wenyeji. Mzee aliyekuwa zamu akaniuliza natokea wapi, nikamwambia, akakaa kimya kidogo kisha akaniuliza kama naweza kumwambia chochote juu ya wale watu. Majina sikuwa nayo. Nikamwambia kofia ile ni ya kushonwa kwa mkono, kwetu inaitwa kofia ya vito, kanzu zile zinaonekana kuwa ni za watu wa pwani, pengine hawa ni wapima pembe au watu wa mwenye duka na si wapagazi, maana mpagazi wa bara asingevaa hivyo, na picha ikikaguliwa na mzee wa Unguja huenda akaijua hata nyumba iliyoko nyuma. Akaishusha picha ukutani, akatoa penseli, akageuza kadi na kuniomba nimtajie herufi kwa herufi, k, a, n, z, u.